Amepumzika

Neno lenyewe lilimtoka Aneth akiwa ameshika ndoo. Ndiyo kwanza alikuwa amepokea ufunguo wa chumba cha uani, Makole, na mwenye nyumba, Mama Joshua, alikuwa amesimama mlangoni, khanga kiunoni, hana haraka ya kuondoka. Watu wa Dodoma hawaulizi kwa ukali, lakini wanauliza.

"Umekuja kikazi, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nimekuja kupumzika. Mwezi mmoja tu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na baba wa nyumbani, yeye yuko wapi?"

Hapo angeweza kusema yuko Dar es Salaam, Tabata, mzima wa afya, anatengeneza majokofu ya watu. Lakini angeulizwa swali jingine, na baada ya hilo jingine, na yeye alikuwa na vumbi la stendi mpaka kwenye kope. Alitaka kusema kwamba wamepeana nafasi, kila mtu apumzike mbali na mwenzake kidogo. Akafupisha.

"Na yeye amepumzika."

Sauti ilimkatika mwishoni na macho yakamjaa maji, kama ilivyokuwa ikimtokea siku hizo hata akitajiwa bei ya nyanya. Mama Joshua akajishika kifuani.

"Jamani! Tangu lini tena?"

"Tangu Machi," akajibu Aneth, akidhani anaulizwa ni lini yeye na mumewe walianza kulala kila mtu na ukuta wake.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

Mama Joshua akampokonya ile ndoo, akaenda kumjazia maji mwenyewe. Aneth akaona amepata mwenye nyumba mwema, akaingia ndani kutandika kitanda. Kiswahili alikuwa amekinyonya kwa mama yake, ila siku hiyo hakukisikia alichosema.

Wazo la kwenda kukaa peke yake alipewa na Shazia, mwenzake katika ofisi ya bima. Shazia alikuwa ameona kwenye simu kwamba siku hizi watu wenye mawazo huhamia mji mtulivu kwa mwezi mzima, wanakunywa chai dirishani, wanajitafakari, wanarudi wapya. Aneth alikuwa na likizo yake ya mwaka. Dodoma alikuwa hamjui mtu, na hilo ndilo alilolitaka. Ndugu za mumewe waliposikia neno kujitafakari walitazamana. Walisikia kuachika.

Na hawakuwa mbali sana. Mwezi wa tatu, mimba yake ikiwa imebakiza wiki chache, Aneth alipasuliwa kwa dharura, akapoteza damu nyingi, akalala hajitambui siku kadhaa. Alipozinduka, tumbo lilikuwa tupu na mtoto alikwisha kuzikwa. Matanga hayakukaliwa. Kwao na kwa mumewe mtoto aliyezaliwa amekufa hakaliwi matanga. Huzikwa kimyakimya na wanaume wawili watatu, mama yake huambiwa ashukuru kwamba yeye ni mzima. Wifi yake alimwambia hivyo hivyo. Akaongeza kwamba asiulizeulize, kwani akiuliza atamwona ndotoni.

Aneth aliuliza mara moja tu. Walikuwa mezani. Alimwuliza mumewe, Elisante, kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Elisante aliweka kijiko chini, akasema, "Tuyaache hayo, mke wangu," akatoka kwenda kutazama friji la jirani ambalo halikuwa limeharibika. Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na mazungumzo ya umeme, ya gesi na ya mvua. Hakuna aliyegombana na mtu. Aneth akaona kwamba anaweza kuishi na mwanamume mlevi, anaweza kuishi hata na mwanamume mkali, lakini huyu aliyemzika mtoto wake na kunyamaza hajui kama atamweza. Huo mwezi wa Dodoma ulikuwa wa kuamua jambo hilo tu: arudi Tabata, au aende kwao Korogwe na asirudi.

Alichokuwa hakijui, na ambacho hakuna aliyemwambia, ni kwamba wazee walimkalisha Elisante kwenye benchi la hospitali wakamwonya. Usimtajie. Ukimtajia ataugua, na safari hii hatapona. Elisante ni mtu wa kushika maagizo, na hilo alilishika vizuri kupita kiasi.

*

Kujitafakari kuna shida moja ambayo Shazia hakuisema: ukishapata la kusema, hakuna wa kumwambia.

Ilikuwa Julai, upepo wa Dodoma ukivuma tangu asubuhi, ukiingiza vumbi jekundu chini ya mlango. Aneth alichemsha chai, akakaa dirishani kama alivyoelekezwa. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani na kamba ya kuanikia nguo. Alikunywa chai ikaisha. Akawaza kuhusu ndoa yake mpaka mawazo yakaanza kujirudia, kisha akafua shuka ambalo lilikuwa safi.

Kupika ndiko kulikomuumbua. Alikuwa hajawahi kusonga ugali wa mtu mmoja. Kila mara ulizidi, na kila mara alikula kiporo asubuhi akiwa amesimama, kwani kukaa mezani peke yake kulimtia aibu, ijapokuwa hakuna aliyemwona. Alizoea kwenda sokoni bila kitu cha kununua, apate tu kuambiwa karibu dada. Akinunua zabibu, alimwuliza muuzaji maswali mengi kuhusu zabibu. Jioni alisikia familia ya upande wa pili wakicheka mbele ya televisheni, akapunguza sauti ya redio yake asikie wanachokicheka.

Elisante alimwandikia kila asubuhi: "Umeamkaje." Naye akajibu: "Salama, wewe?" Basi. Mara mbili alianza kumwandikia ujumbe mrefu, akaufuta. Alikuwa mpweke, na kilichomuuma zaidi ni kugundua kwamba upweke huo hakuukuta Dodoma. Alikuja nao.

*

Jumapili moja baada ya ibada akasikia hodi. Hodi yake ya kwanza tangu aingie chumba kile. Alikaribia kujikwaa akikimbilia mlango. Nje alisimama Mama Joshua na akina mama wa jumuiya ya kanisa lake, vichwa wamevifunga vitambaa, mmoja ana mkeka, mwingine unga wa uwele kwenye beseni, mwingine mfuko wa mkaa. Mbele yao alikuwa mwenyekiti wao, Mama Yotham, mwanamke mnene mwenye asili ya Bahi, anayetembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake.

"Mbukwa!" akasalimia kwa Kigogo, kisha akamhurumia mgeni, akahamia Kiswahili. "Hatujambo sisi. Tukaribishe, mwanangu."

"Shikamooni. Karibuni, karibuni. Chumba ni kidogo..."

"Tutaenea. Jambo kama hili watu huenea."

Walienea. Waliimba pambio moja la taratibu, kisha Mama Yotham akafumba macho akaomba. Aliombea mji, akaombea mvua, akaombea wagonjwa. Kisha akasema, "Na huyu mjane wako, Bwana, ambaye ameletwa kwetu akiwa peke yake, umkumbuke mwenzi wake uliyempumzisha."

Aneth akafumbua macho. Mjane. Alilirudia neno moyoni, akarudi nyuma mpaka kwenye ndoo, mlango, na swali la Mama Joshua, akajiona anavyolitamka: amepumzika. Alifungua kinywa aseme hapana, jamani, nisameheni, mume wangu yupo. Wakati huo huo Mama Yotham akamwekea mkono mgongoni. Ulikuwa mkono mzito, mpana, wenye joto, nao haukupapasa, ulitua tu.

"Pole, mama," akasema. "Lia. Tumekuja ulie."

Hakuna aliyewahi kumwambia Aneth maneno hayo. Alilia. Alilia kwa sauti mpaka ile familia ya televisheni ikazima televisheni. Wale wanawake hawakumwambia anyamaze, walikaa naye kwenye mkeka, wakimshika mguu, wakimfuta kamasi, wakilia nao kidogo kila mtu na lake. Alipomaliza walimsongea ugali wa uwele na mlenda, wakala pamoja naye katika sinia moja.

Kusema kweli, alipata nafasi ya kuwaambia pale walipokuwa wakinawa. Alipata nyingine walipoaga. Hakuwaambia, na tusimsafishe: alijua anachokifanya. Mke aliyetoroka nyumbani kwake angepata nasaha na kurudishwa stendi. Mjane alipata watu.

*

Baada ya hapo hakukosa mgeni. Walipeana zamu bila kutangaziana. Mmoja akija na maboga, mwingine akija tu kukaa. Hata dukani kwa Pushpa, mama wa Kihindu anayeuza vitambaa na vyakula barabara ya pili, habari zilifika. Siku Aneth alipokwenda kununua sabuni, Pushpa alimvutia kiti nyuma ya kaunta. Yeye mwenyewe alifiwa na mume zamani.

"Wangu mimi alikuwa anaongea," Pushpa akasema. "Anaongea mpaka nafunga mlango wa jikoni. Sasa namtafuta aongee. Wako je? Mwongeaji?"

"Hakuwahi kusema hata neno moja," akasema Aneth.

"Ah. Wapo wa hivyo pia. Sura yake unaikumbuka vizuri? Ya wangu mimi inaanza kupotea."

Aneth akatazama sabuni. "Sikuiona. Walimzika sijazinduka."

Pushpa alidhani ni ajali ya barabarani. Hakuuliza zaidi. Alimfungia sabuni pamoja na robo ya sukari ambayo hakuiagiza, akakataa kulipwa. Aneth alitembea kurudi nyumbani akiwa na aibu ya sukari ile mkononi, na pia akiwa na wepesi, maana mambo yote aliyomwambia Pushpa yalikuwa ya kweli.

Tatizo lilikuwa simu. Marehemu alikuwa akipiga. Ikiita mbele ya wageni, Aneth aliikata, akajifanya ni watu wa mtandao wanaomsumbua na matangazo. Akitaka kumjibu alitoka mpaka barabarani, akaongea kwa kunong'ona mgongo ukiwa kwenye upepo. Siku moja Elisante akasikia sauti ya mtu nyuma ya mkewe ikisema, "Njoo ndani, mpenzi, utapata baridi," na simu ikakatika hapo hapo. Alikuwa Mama Joshua, ambaye huwaita wapangaji wake wote mpenzi na ana sauti nzito ya mafua. Lakini huko Tabata, jikoni, mbele ya yai linaloungua kikaangoni, Elisante hakusikia Mama Joshua. Alisikia mwanamume.

Alikaa na jambo hilo siku mbili, halafu akamwuliza Shazia mkewe amepanga wapi, akamwachia kazi kijana anayemsaidia, akanunua tiketi ya treni ya umeme. Njia nzima alitunga maneno ya kumwambia huyo bwana. Treni ikapita vilima, ikapita mashamba makavu, na yeye hakuona kitu.

*

Alifika siku ya Jumamosi, saa kumi, wakati akina mama wa jumuiya wako uani kwenye mkeka, Aneth katikati yao, wote wakichambua mchele.

"Hodi humu."

"Karibu, baba," akasema Mama Joshua.

"Namwulizia Aneth. Mimi ni mume wake."

Mikono yote kwenye mchele ikasimama.

"Mume wake yupi?" akauliza Mama Yotham.

"Kwani wako wangapi?" Elisante akafoka; ndilo swali alilokuwa amekuja nalo tangu Dar es Salaam.

"Mume wake amepumzika, baba. Tumemwombea sisi wenyewe."

"Nimepumzika wapi, mama? Mimi natoka kwenye treni sasa hivi!"

Mmoja wa akina mama alicheka, akaziba mdomo. Wengine wakamgeukia Aneth, na Aneth akainamia ungo. Elisante naye akawatazama wale wanawake, vitambaa vyao vya kichwani, mkeka, kitabu cha sala. Alikuwa amekuja kumfumania mwanamume. Akajikuta amefumania msiba wake.

"Umeniua, Aneth?" Hasira ilimtoka yote mara moja, akabaki na sauti ndogo. "Nilikukosea nini mpaka ukaniua?"

"Sikusema umekufa. Nilisema umepumzika. Nilikuwa na maana..." Akaona jinsi inavyosikika, akaacha. "Baadaye nikanyamaza. Kosa langu ni hilo la kunyamaza."

"Umemchuria mume kifo!" Mama Yotham alisimama, akaanza kukusanya khanga yake. "Sisi watu wazima tumeacha kazi zetu, tumelia, tumechanga unga. Mkaa wangu nimeubeba mimi na goti langu hili. Kumbe mtu yuko Dar es Salaam anakula chipsi! Tutaonekana wajinga mpaka kanisani."

"Nisameheni, mama zangu." Aneth alipiga magoti juu ya mchele uliomwagika. "Nitarudisha vyote."

"Machozi utayarudishaje?"

Akina mama wawili wakaanza kuvaa ndala. Elisante alisimama pale pale getini na mfuko wake wa nguo, hajui kama anatakiwa kuomba radhi kwa kuwa hai.

"Ngojeni kwanza," akasema Mama Joshua. Yeye hakuwa amenyanyuka. "Mimi nimezika mume, nimezika na mama. Machozi ya uongo nayajua. Nimeyaona kwenye misiba mingi. Huyu siku ile hakulia kwa uongo. Aneth, mwanangu, nitazame. Tulikuwa tunamlilia nani?"

Aneth alimtazama. Upepo ulikuwa umetulia kidogo, na kila mtu uani alisikia.

"Mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wetu. Mwezi wa tatu. Hakulia. Alizikwa mimi nimelala, na hakukaliwa hata siku moja. Ninyi ndio watu wa kwanza kuja."

Wale waliokuwa wakivaa ndala walibaki na mguu mmoja ndani. Hakuna hata mmoja ambaye hakuwa na jambo kama hilo nyumbani kwake au kwa dada yake, lililozikwa haraka na kunyamaziwa. Mama Yotham alishusha khanga. Bado alikuwa amekasirika, na yeye akikasirika hutafuta utaratibu wa kuushika.

"Sasa sala zetu tumemwombea mtu ambaye hajafa," akasema. "Haziwezi kubaki hivyo. Inabidi tuombe upya, kwa mwenyewe. Jina lake nani?"

"Sijui."

"Hujui jina la mwanao?"

"Sijui hata kama ni wa kike au wa kiume, mama. Nimeuliza, sikujibiwa. Mwulizeni yeye."

Wakamgeukia Elisante wote. Alikuwa ametunga maneno mengi kwenye treni, na hakuna hata moja lililofaa. Aliuweka mfuko chini. Aneth alimwona anavuta pumzi kama anavyovuta akitaka kusema tuyaache hayo, akajua kwamba akilisema tena leo, mbele ya watu hawa, atakwenda Korogwe na hatageuka nyuma.

"Wa kike," akasema Elisante.

Aneth akashika mkeka kwa mikono miwili.

"Nilimbeba mwenyewe. Kaka alitaka anipokee njiani, nikakataa. Alikuwa na nywele nyingi. Tulipofika, kaka akasema hawezi kusoma sala juu ya mtoto asiye na jina." Alikuwa akisema na mfuko wake. "Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama yangu. Lakini wewe ulikuwa hujaamka, na daktari alikuwa hatuahidi kitu. Nikampa la mama yako. Nikafikiri, ukiondoka na wewe, nibaki na kitu cha kwenu. Emilia. Nilimwita Emilia."

"Mbona hukuniambia?"

"Walisema nikikutajia utaugua."

"Nimeugua, Elisante. Nimeugua tangu Machi."

"Najua. Nakuona." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na mimi sikuwa na wa kumwambia."

Mama Yotham alikaa chini, na akikaa yeye mkeka wote husikia. Mama Joshua akajisogeza, akapiga kwa mkono pale palipobaki wazi, kando ya Aneth.

"Vua viatu, baba. Njoo ukae na wenzako."

Elisante alivua viatu, akakaa miguu imekunjwa vibaya, mwanamume peke yake kati ya khanga zile zote. Mama Joshua akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama mfiwa anavyoshikwa.

"Pole, Baba Emilia."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mtu akipewa pole hujibu, nimeshapoa. Elisante alilianza neno hilo kwa adabu, likakwama katikati, akainamisha kichwa na mabega yakaanza kumtikisika. Aneth alimwona mumewe analia kwa mara ya kwanza tangu amjue. Akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Mama Joshua akamgeukia na yeye.

"Na wewe, Mama Emilia. Pole."

"Asante, mama," akasema Aneth. "Bado hatujapoa."